Tippu Tip: Tajiri wa nyumba ya Shangani aliyeanza kwa mali kauli

JUBA

Mfanyabiashara wa Konyokonyo anayesubiri lori lake livuke Elegu na Nimule anajua mambo matatu kuliko mtu yeyote: mzigo unaochukuliwa leo na kulipwa kesho, mshirika asiyetimiza ahadi, na mpaka unaobadilisha masharti wakati mali iko njiani. Kuna mtu aliyeyapitia yote matatu miaka 150 iliyopita, akatajirika kwayo, na mwishoni yakamnyang'anya sehemu kubwa ya alichochuma. Alizaliwa Unguja, akatawala biashara ya pembe za ndovu hadi katikati ya Kongo, na jina lake liliandikwa katika mkataba mmoja uliohusu ardhi hii tunayoikanyaga Juba.

Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi. Dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Nyumba yake ingali imesimama Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtaa wa Shangani, karibu na hoteli ya Africa House. Wengi katika wasomaji wetu hushuka bandarini Unguja kwa biashara na kuondoka na boti ya jioni. Atakayepata saa moja ya ziada, aende akaitazame. Lakini kabla hajafika mlangoni, ni vizuri ajue nyumba ile ililipwa kwa fedha gani.

Mtoto wa njia ya Tabora

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Damu yake ilikuwa ya Oman na ya Bara, kama zilivyokuwa koo nyingi za pwani. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyefanya makazi Unyanyembe, Tabora ya leo, na akaoa katika ukoo wa mtemi wa huko. Ndoa hiyo ilikuwa na faida ya kibiashara: mgeni aliyeoa kwa mtemi hakuwa mgeni tena, na msafara wake ulipita pale ambapo wengine walizuiwa au kutozwa hongo nzito.

Kijana Hamed alianza na bidhaa ndogo. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alikwenda na jamaa zake kununua sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini pwani na kupelekwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Sandarusi ilikuwa shule. Ilimfundisha kupima, kupatana bei na kungoja. Alipotimiza miaka 18 hivi, baba yake alimchukua Bara, wakavuka Ziwa Tanganyika, na huko akaiona pembe pale inapotoka, si pale inapouzwa. Tofauti ya bei kati ya sehemu hizo mbili ndiyo iliyoamua maisha yake.

Baadaye alioa mke kutoka ukoo wa Barwani, mwanamke mwenye mali Unguja na Maskati. Hata hivyo mtaji mkubwa wa safari zake haukutoka kwa mkewe wala kwa baba yake. Ulitoka kwa wakopeshaji wa mjini.

Mali kauli ya karne ya 19

Tuueleze utaratibu wa misafara, kwa sababu mfanyabiashara wa leo atautambua mara moja. Mwenye msafara alikwenda kwa tajiri wa Kihindi Unguja. Akapewa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti, vyote kwa mkopo. Hakulipa hata senti. Aliahidi kurudisha pembe za kiasi fulani kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Bei ya bidhaa alizokopeshwa ilikuwa juu ya bei ya sokoni, na humo ndimo ilimofichwa riba. Kisha alivuka bahari hadi Bagamoyo, akaajiri wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, akaanza mwendo wa miezi kama mitatu hadi Tabora. Kutoka Tabora hadi Ujiji kulikuwa na wiki kadhaa nyingine, na baada ya ziwa safari haikuwa na hesabu tena.

Mkopeshaji naye alibeba hatari kubwa. Msafara ungeweza kuporwa, mdaiwa angeweza kufa kwa homa au kuamua kubaki Bara na kuoa huko. Kwa hiyo tajiri wa mjini hakukopesha kila mtu, alimkopesha anayerudi. Aliyemwamini Hamed kuliko wote alikuwa Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kikhoja aliyesimamia pia forodha ya Sultani. Uhusiano wa watu hawa wawili ulidumu kwa miaka mingi, na kwa fedha za Topan msafara wa Tippu Tip ukawa mkubwa kuliko misafara mingine ya njia ile.

Sifa yake ya kwanza ilitokana na vita. Mwaka 1867, katika nchi ya Itabwa kusini magharibi mwa Ziwa Tanganyika, alipambana na mtawala Nsama, aliyekuwa akiogopwa na misafara yote. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zilishinda, na pembe nyingi zilizokuwa zimehifadhiwa na Nsama zikawa zake. Jina lake la utani linahusishwa na mlio wa bunduki hizo masikioni mwa waliokimbia. Wengine husema lilitokana na macho yake yaliyopepesa bila kukoma. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone, akiwa mgonjwa na mwenye upungufu wa kila kitu, akampa chakula na msaada wa njia.

Hapa isisahaulike kwamba pembe haikutembea peke yake. Ilibebwa mabegani, na mabega mengi yalikuwa ya watu waliotekwa. Katika misafara ya aina hii, vijiji vilichomwa, wanaume, wanawake na watoto walifungwa minyororo, na waliochoka njiani waliachwa wafe. Tippu Tip alijiona kwanza kama mfanyabiashara wa pembe. Hata hivyo aliteka watu, alimiliki watu na aliuza watu, na bila wao pembe zake zisingefika pwani. Nyumba yoyote aliyoijenga au kuinunua inasimama juu ya hesabu hiyo.

Safari ya miaka 12

Safari yake kubwa ilianza karibu na mwaka 1870 na haikumalizika hadi 1882. Katika miaka hiyo alifanya jambo lisilofanywa na mfanyabiashara mwingine wa pwani. Alipofika Utetela, magharibi ya mto Lualaba, alidai kwamba bibi yake alikuwa binti wa ukoo wa kitawala wa huko aliyetekwa zamani. Mtawala mzee, Kasongo Rushie, aliamini au aliona faida ya kuamini, akamkabidhi mjukuu huyo wa ghafla mamlaka. Mgeni akawa mtawala wa nchi, na pembe zilizokuwa zikinunuliwa zikaanza kuletwa kama kodi.

Kutoka hapo alijijengea makao Kasongo, katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Mji huo pamoja na Nyangwe ukajaa mashamba ya mpunga, miembe, michungwa, nyumba za dari na lugha ya Kiswahili. Msomaji anayenunua dagaa au mawese kutoka Maniema na Kisangani, akisikia Kiswahili cha huko, anasikia mabaki ya misafara hiyo. Lugha inayotusaidia leo kupatana bei ilifika huko pamoja na mtutu wa bunduki.

Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley, akitaka kuufuata mto Lualaba hadi mwisho wake. Walikubaliana kwamba Tippu Tip na watu wake watamsindikiza kwa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000. Msitu ulikuwa mzito, ndui na homa viliwaua watu, na mwishoni mwa mwaka huo waliagana kabla vituo hivyo havijatimia. Stanley akateremka mto, akatokea bahari ya Atlantiki mwaka 1877 na kuwa mtu mashuhuri duniani. Tippu Tip alibaki na malalamiko kwamba hakulipwa kama alivyoahidiwa, na malalamiko hayo aliyashika hadi uzeeni.

Mkataba uliomtaja jirani yetu

Aliporudi Unguja mwaka 1882, Sultani Barghash bin Said alimtaka ashikilie nchi za ndani kwa jina la Zanzibar. Akarudi Kongo. Lakini Ulaya nayo ilikuwa ikigawana ramani. Mkutano wa Berlin ulimalizika mwaka 1885, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji akatambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani visiwa vyake na ukanda mwembamba wa pwani wa maili 10. Nchi ambayo Tippu Tip aliijua kwa miguu yake ikawa mali ya watu ambao hawajawahi kuiona.

Wakati huohuo, hapa kwetu, mambo yalikuwa yameharibika. Jimbo la Equatoria lilikuwa chini ya gavana Emin Pasha, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer na aliyekuwa akiitumikia Misri. Makao yake yalikuwa Lado, kaskazini kidogo mwa Juba ya leo, na askari wake walikaa hadi Rejaf na vituo vingine vya kusini. Mahdi alipouteka mji wa Khartoum Januari 1885, njia ya Nile ikafungwa. Emin akahamia Wadelai, upande wa Uganda ya leo, akiwa na askari, familia zao na pembe alizokusanya kwa miaka mingi bila kuweza kuzipeleka sokoni. Stanley alizikadiria kuwa tani 75.

Ulaya iliandaa msafara wa kumwokoa Emin, na Stanley akapewa uongozi. Februari 1887 alifika Unguja na kumtafuta mtu yuleyule aliyemlalamikia. Wakaandikiana mkataba mbele ya balozi wa Uingereza. Tippu Tip angekuwa gavana wa Dola Huru ya Kongo katika Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Naye angetoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo hadi kwa Emin na kurudi na pembe zake. Ndiyo maana tunasema mkopo wa Unguja ulikaribia kufika Nile yetu. Pembe zilizokusanywa jirani na Juba zilikuwa zimeshawekwa katika hesabu za tajiri wa Shangani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ardhi ya Wabari.

Hesabu hiyo haikutimia. Walisafiri kwa meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, Tippu Tip akiwa na wake zake na watu wake karibu 100. Stanley akatangulia msituni, akaacha kikosi cha nyuma Yambuya kikisubiri wapagazi. Wapagazi walichelewa mwaka mzima, na walipokuja walikuwa kama 400. Tippu Tip alidai kwamba hakupewa risasi na baruti alizoahidiwa, na kwamba hakuna mtu wa Manyema ambaye angekubali kuingia msitu ule bila silaha. Katika kungoja huko watu wengi wa kikosi cha nyuma walikufa kwa njaa na maradhi, na kiongozi wao, Meja Barttelot, akauawa na Mmanyema mmoja Julai 1888. Emin aliondoka na Stanley na wakafika Bagamoyo Desemba 1889. Pembe hazikufika nao.

Stanley akafungua kesi Unguja, akataka pauni 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wa Tharia Topan zizuiwe. Kila aliyewahi kufungiwa akaunti kwa sababu ya kesi anajua maana yake. Habari ilimfikia Tippu Tip ndani ya Kongo, akafunga safari ya kurudi kujitetea. Alipita Tabora, akaugua njiani, akafika Unguja Julai 1891. Kesi ilikuja kuachwa, lakini hakuvuka tena Ziwa Tanganyika.

Barabara ilipogeuka

Kilichomwangusha hakikuwa kesi. Dola Huru ya Kongo ilitaka pembe zote ziteremke mto kwenda Atlantiki, zisielekee tena mashariki kuja Bagamoyo. Biashara ilipobadilishiwa njia, waliobaki Kasongo na Nyangwe walijikuta wanauza bidhaa ya magendo katika nchi waliyodhani ni yao. Mwaka 1892 vita vilianza. Ngongo Lutete, aliyekuwa kamanda chini ya Tippu Tip, alihamia upande wa Dola Huru. Mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zilitekwa, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akauawa mwaka huohuo. Mali iliyokuwa Kongo ilikwisha.

Rumaliza, mshirika wake wa zamani wa Ujiji, alipokimbilia pwani alimfungulia mashtaka akidai mgawo wake wa biashara, na sehemu ya mali ya Bara ikampotea Tippu Tip kwa njia hiyo. Walikuwa wamegawana faida kwa miaka mingi, lakini waliposhindwa walikutana mahakamani.

Hata hivyo hakuwa maskini. Vitabu vingi vinataja kwamba katikati ya miaka ya 1890 alikuwa na mashamba saba ya mikarafuu na minazi, na watumwa 10,000. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mzee wa Shangani aliona sheria ikiondoa ile nguzo ambayo utajiri wake wote uliegemea.

Nyumba yenyewe

Sasa tuje mlangoni. Nyumba ya Tippu Tip ni ya aina ya nyumba kubwa za mawe za Mji Mkongwe, na inatambulika kwa mambo mawili: ngazi za kuingilia zenye marumaru nyeusi na nyeupe, na mlango mkubwa wa mbao uliochongwa kwa ustadi. Marumaru haichimbwi Unguja. Aliyeweka ngazi hizo alitaka mgeni ajue, kabla hajabisha hodi, kwamba mwenye nyumba anaagiza vitu ng'ambo.

Mlango ndio ulikuwa kadi ya biashara ya mji ule. Mtu alianza kwa kuagiza mlango, ndipo akajenga nyumba kuuzunguka. Mbao ngumu, nyingi msaji kutoka India, zilichongwa maua, samaki, mitende na mnyororo unaozunguka fremu. Waelekezaji wa watalii hupenda kusema mnyororo unaonyesha biashara ya watumwa, ingawa nakshi hiyo imo pia katika milango ya watu wasiofanya biashara hiyo, nao mafundi waliichukulia kuwa ishara ya ulinzi. Mlango wa nyumba kubwa hufunguka mabawa mawili, katikati kuna mfaa uliochongwa, na siku za kawaida hufunguliwa bawa moja tu.

Nje, pembeni mwa mlango, huwa na baraza ya mawe. Watu wa msafara, wadai na wadaiwa, madalali na jamaa walikaa hapo wakanywa kahawa na kungoja. Shughuli nyingi ziliishia barazani. Aliyeaminika aliingia chumba cha chini, penye maghala na sehemu ya kupokea wageni wa kiume. Ghorofa za juu zilikuwa za familia, na madirisha yake yalipokea upepo wa bahari.

Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ni nene kwa zaidi ya nusu mita, na ndani hukaa baridi hata mchana. Dari hubebwa na boriti za mikoko, nyingi zikitoka Rufiji na Lamu. Kwa kuwa mti wa mkoko unaofaa hauzidi sana mita tatu, vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Tajiri angeweza kununua marumaru, vioo na saa za ukutani kutoka popote, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti wa kwenye tope la Rufiji. Aliyetaka upana zaidi ilibidi aagize chuma, kama alivyofanya Sultani Barghash mwaka 1883 alipojenga Beit al-Ajaib kwa nguzo za chuma zilizoletwa kutoka Ulaya.

Ujenzi huu una adui mmoja, nalo ni maji. Chokaa hupumua: inapokea unyevu na kuutoa. Paa likivuja na lisizibwe, maji hushuka ndani ya ukuta, yanaloweka ncha za boriti, na boriti huoza kuanzia pale zilipojificha. Fundi asiyejua akipaka saruji juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza haraka zaidi huku nje ukionekana mpya. Nyumba za aina hii zinataka mwenyewe anayepanda juu ya paa kila kabla ya masika.

Nyumba ya Tippu Tip kwa miaka mingi haikuwa na mwenyewe wa namna hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na serikali, na familia zilizokuwa zikiishi katika vibanda vya ng'ambo ya mji zikapewa vyumba humo. Nyumba iliyokuwa ya mtu mmoja na watumishi wake ikawa ya familia kadhaa. Nguo zilianikwa pale alipopita balozi, na watoto wakacheza juu ya marumaru. Wapo wanaosikitika kwa hilo. Lakini tukikumbuka ni nani waliobeba gharama ya nyumba ile, si jambo baya kwamba watu wa kawaida walipata kulala ndani yake. Lililo baya ni kwamba hakuna aliyepewa fedha za kuitengeneza.

UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Orodha haizibi paa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la Sultani linaweza kuanguka mchana mbele ya bahari, nyumba ya mfanyabiashara iliyo ndani ya kichochoro inaweza kuanguka bila hata kupigwa picha.

Alichoacha

Miaka ya mwisho Tippu Tip alikaa mjini, akapokea wageni wa Kizungu waliotaka kumwona, na akafanya jambo ambalo matajiri wachache hufanya. Aliandika maisha yake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa maandiko ya kwanza ya mtu kusimulia maisha yake kwa lugha yetu. Ukiyasoma utaona daftari la mfanyabiashara: nani alikopesha kiasi gani, nani alilipa, pembe ngapi zilifika, nani alivunja ahadi. Waliobeba pembe hizo hawamo kwa majina. Hakuna daftari lao hata moja.

Alifariki Unguja kwa malaria Juni 1905.

Juba ni mji mchanga ukilinganisha na Mji Mkongwe. Ulianza kukua miaka ya 1920, makao ya mkoa yalipohamishwa kutoka Mongalla, na wafanyabiashara wa Kigiriki ni miongoni mwa waliojenga maduka yake ya mwanzo ya mawe. Leo wafanyabiashara kutoka Kampala, Nairobi, Bunia na Mogadishu wanajenga humu, na wengine tayari wanaweka marumaru na mageti ya kuchongwa. Ni haki yao, ikiwa jasho ni lao.

Lakini kila mjenzi na aulize maswali ambayo nyumba ya Shangani inauliza. Je, mpaka ukifungwa kesho, mali yote iko upande mmoja? Je, mshirika ameandikiwa karatasi, au mnategemea undugu ambao hasara itauvunja? Na vijana wanaopakua magunia usiku pale Custom, wanaolala chini ya lori wakisubiri malipo, wameandikwa katika daftari kwa majina na kiasi wanachodai, au wamo tu kama mabega? Tippu Tip alilijua jina la kila mtu aliyemdai na kila aliyemkopa. Katika hesabu yote ndefu ya maisha yake, safu hii ya tatu aliiacha tupu.